Mikuki Iliyosimama Wima

Kwa Derdas wa Paramonos, kijiji cha Filoteri, Misri
Kutoka kwa dada yako Lanike, Beroia ya Makedonia
Mwezi wa Hyperbereti, zabibu zimeshachumwa

Kaka yangu Derdas,

Nakusalimu kutoka jikoni, maana ndipo penye moto. Huku tunaamka, tunakula kilichopo, tunalala. Na kama wewe na wifi Tahesi na mtoto mnafanya vivyo hivyo, basi miungu haijatusahau. Zabibu za mwaka huu ni chachu, mvua ilizikuta shambani. Yule mbuzi wa pembe moja amezaa mapacha. Binti wa jirani yetu Simike, yule mkali, ameolewa na fundi viatu mwenye chongo, na watu wanasema kumbe ndiyo maana, bwana harusi aliona nusu tu ya mambo.

Baba hajambo, ila mguu. Jina lako bado halitaji. Nikifungua barua yako anasimama, anatoka nje, nami nikichungulia namkuta kakaa chini ya dirisha anashona hatamu ambayo haikukatika. Mwaka wa ishirini sasa anaishona hatamu hiyo.

Sasa nisikilize. Warumi wamevuka bahari tena, na safari hii hawana dalili ya kurudi kwao. Wapiga mbiu wa mfalme wamepita mjini: majira ya kuchipua wataandika vijana kuanzia miaka kumi na sita, na wazee waliokwisha kurudisha mikuki yao. Waliobaki katikati ni wachache, Derdas, wengi wameshazikwa. Mume wangu mwenyewe unajua amelala mpakani kwa Wadardani. Nyumba hii ina Baba, na jina lake lilishafutwa kwa uzee, na ina Adimos. Adimos anatimiza kumi na sita theluji ikianza kuyeyuka.

Ninalo ombi moja. Wewe una shamba la mfalme wa Misri na huna mtoto wa kiume. Uliniambia mwenyewe kwamba shamba la askari likikosa kijana wa kushika mkuki linarudi kwa mfalme. Basi mchukue mpwa wako. Andika kwamba umemfanya mwanao, tia muhuri, nami nitamshusha pwani kabla hawajafika na orodha yao. Ni mtoto mtulivu, anakula sana lakini anafanya kazi sana. Usinijibu kwa mzaha. Nakujua.

Dada yako, Lanike

*

Kwa Lanike, Beroia
Kutoka kwa Derdas, Filoteri
Mwezi wa Dio, maji ya mto yamepungua, tunapanda

Dada,

Salamu zako nimezipokea, na nilizisoma kwa sauti mpaka Tahesi akacheka habari za yule mwenye chongo, ingawa ilibidi nimfasirie. Anakusalimu wifi yake. Binti yetu Fila ameng'oka meno mawili ya mbele na anatukana Kimisri kuliko mpagazi wa bandarini. Dengu zetu zimeota vizuri. Panya wamekula kiatu changu kimoja, kile kizuri.

Umesema nisijibu kwa mzaha, haya, sijibu kwa mzaha. Si kwamba simtaki Adimos. Damu yangu ile, nitaikataaje? Ila mambo ya huku yana mlolongo wake. Karani wa ardhi ana maneno mengi. Tena huko kusini wenyeji wameasi, na kila askari mwenye shamba anaambiwa akae tayari. Tungoje mavuno yapite kwanza. Na kuna jambo jingine, dada, nalo ulifikirie ukiwa umetulia: kijana akikwepa wito wa mfalme, jina lake litaoza hapo Beroia kama langu lilivyooza. Atumikie msimu mmoja. Arudi kichwa juu, kisha aje kwangu, na hakuna mtu atakayemfungia mlango.

Usiogope sana. Mimi vita nimeviona. Msomee haya yeye mwenyewe, polepole.

Mkuki ule mrefu asiushike kwa hasira, vidole vitakufa ganzi kabla ya saa moja. Mkono wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, na mabega yalegee. Asinywe divai asubuhi, hata akipewa bure. Na siku mambo yakiharibika, maana huharibika, asikimbie. Wapanda farasi hufuata wanaokimbia. Asiutupe mkuki pia. Asimame alipo, auinue wima, ncha mbinguni na kisigino ardhini, atulie. Hakuna askari kuanzia kwetu mpaka Baktria asiyejua maana yake. Maana yake ni: nimekwisha, niache. Na wanakuacha.

Mimi sijawahi kuwasimulia ilivyokuwa pale Rafia, kwa sababu Baba alishasimulia yeye kwa namna yake. Nilikuwa nakula mshahara wa mfalme wa Syria. Upande wetu ulivunjika, vumbi hata pua yako huioni. Nikainua. Wenzangu wakainua. Safu ya Misri ilikuwa inatujia ikasimama, hatua chache tu mbele yangu, na kiongozi wao, jitu lenye ndevu nyekundu, akanipigia kelele: “Wewe! Wa wapi wewe?”

Nikasema, “Beroia.”

“Beroia! Mjomba wangu kaoa huko! Bado wanauza jibini lile la kunuka?”

“Bado.”

“Lo, masikini. Kunywa maji.”

Akanipa kibuyu chake. Jioni ile nilikula dengu za mfalme mwingine, na mwaka uliofuata nikapewa shamba. Yule jitu anaitwa Teutamo, sasa ni jirani yangu, ananiibia maji ya mfereji kila wiki. Ndivyo vita vyetu vilivyo, dada. Wafalme wanagombana, sisi ni watu tunaojuana. Baba aliita woga. Mimi naona niko hai, nina mke na mtoto.

Barua hii naitia mkononi mwa nahodha wa Rodi. Anasema ndiye wa mwisho kabla bahari haijafungwa.

Kaka yako, Derdas

*

Kwa Derdas, Filoteri
Kutoka kwa Lanike
Mwezi wa Peritio, theluji imefika dirishani

Derdas,

Wazima sisi. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa kwa baridi. Simike anaumwa kifua.

Sijapata jibu lako. Najua bahari imefungwa, najua meli hulala Rodi, najua yote hayo, lakini usiku nikisikia mbwa wa jirani akibweka nasema huyo ni mtu ameleta barua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limekwisha kuuma. Hii naituma kwa mfanyabiashara wa ngozi anayepita nchi kavu mpaka Efeso, akifika na ifike.

Wameandika majina mapema. Hawakungoja majira ya kuchipua kama walivyosema. Walikuja na karani mwenye mafua, akapiga chafya, akamtazama Adimos, akaandika. Basi. Ilikwisha kabla sijafuta mikono.

Wamempa mkuki. Unakuja vipande viwili na kola ya chuma ya kuunganisha, na akiuunganisha hautoshi uani, inabidi afungue lango na ncha itoke barabarani. Jana nusura amtoboe punda wa fundi viatu. Baba anamfundisha. Ndiyo, Baba. Anatoka asubuhi na mguu wake mbovu, anasimama kwenye theluji, anafoka: “Chini! Nyanyua kisigino! Wewe unashika mkuki au unapepeta ngano?” Na mtoto anacheka, na Baba anamchapa fimbo ya mzabibu, na mtoto anazidi kucheka. Sikumbuki lini nilimwona Baba na furaha namna hii, na mimi sikuweza kufurahi naye.

Kuna la zaidi. Baba amejiandikisha mwenyewe. Karani alimwambia, “Mzee, mguu huo utakimbiaje?” Akasema, “Ndiyo sababu nafaa. Hautakimbia hata ukitaka.” Wamemweka nyuma kabisa, nyuma ya safu ya Adimos, huko wanakowekwa wazee ili vijana wasigeuke.

Nakuomba kwa mara ya pili. Hata sasa wakipata barua yenye muhuri wa Misri labda watamwachia. Na kama unasita, sema sababu ya kweli, usinitafutie visingizio.

Lanike

*

Kwa Derdas, Filoteri
Kutoka kwa Lanike
Mwezi wa Artemisi, milozi imekwisha kutoa maua

Kaka,

Barua yako ya mwezi wa Dio imefika jana. Ililala Rodi majira yote ya baridi, ina harufu ya samaki. Kwa hiyo ulijibu, na mimi nikakutukana bure nchi kavu mpaka Efeso. Nisamehe. Ingawa jibu lenyewe, Derdas, nimelisoma mara nyingi, na bado sioni ndani yake neno “ndiyo”.

Imefika wakati mzuri, au mbaya, sijui. Adimos na Baba walikuwa nyumbani. Waliruhusiwa baada ya jeshi kutakaswa. Unakumbuka inavyokuwa: mbwa jike akatwe vipande viwili, nusu huku, nusu kule, na jeshi zima lipite katikati. Adimos alikuja na damu kwenye viatu, hakula mpaka nilipomwosha miguu. Alisema mbwa alikuwa na macho ya kahawia. Kisha akala sufuria nzima.

Nikamsomea. Rafiki zake wa safu moja walikuwepo pia, wamejaa jikoni kwangu kama ng'ombe, wakasikiliza wote. Nilipofika kwenye jibini la kunuka waliangua kicheko, na tangu hapo kila mmoja akikutana na mwenzake anauliza, “Wa wapi wewe?” na mwingine anajibu, “Beroia! Kunywa maji!” Walifanya hivyo siku nzima, mpaka kichwa kikaniuma.

Baba alikuwa dirishani na hatamu yake. Kwa mara ya kwanza aliingia wakati barua yako iko mkononi mwangu. Akasema, “Katika nyumba hii mkuki huenda mbele au huanguka. Kuinuliwa, hauinuliwi.”

Adimos akamwambia, “Babu, lakini mjomba yu hai.”

Baba aligeuka. Akatoka tena. Nilifikiri amekasirika, lakini nilipokwenda kumwita chakulani nilimkuta amekaa tu, hatamu iko chini.

Wanaondoka kesho kwenda Thesalia. Mtoto anataka kukuandikia mwenyewe. Nampa kalamu, usimcheke mwandiko.

*Mjomba Derdas, mimi ni Adimos wa Lanike. Hatujaonana. Nimefurahi kwa mafundisho. Kuhusu mabega nimejaribu na ni kweli. Nina swali. Mtu akishainua mkuki, je, anasema neno gani? Au ananyamaza mpaka aulizwe? Rafiki zangu wanabishana. Nisalimie Fila na wifi wa mama. Nikija nitakusaidia yule anayekuibia maji.*

Umeona? Anasema “nikija”. Sikumwambia mimi aseme hivyo.

Lanike

*

Kwa Lanike, Beroia
Kutoka kwa Derdas, Filoteri
Mwezi wa Panemo, joto, mto unaanza kupanda

Dada yangu mpenzi,

Tumepokea barua zako mbili kwa wiki moja, ile ya theluji na ile ya milozi, ya kwanza ikiwa na hasira na ya pili ikiwa na mwandiko wa mtoto. Tahesi ametia ile ya pili kwenye kisanduku chake cha hirizi. Fila ana surua lakini inapona. Dengu tumevuna, si haba.

Ndiyo, Lanike. Nimeandika, ndiyo. Nimekwenda mjini Arsinoe kwa karani, na nikuambie, alikuwa mtu mpole, alimaliza kazi kabla ya mchana. Kabla ya hapo sikuwa nimemwendea hata siku moja. Adimos ni mwanangu kwa muhuri wa mfalme, na shamba ni lake nikifa. Msimu ukiisha, mshushe pwani. Teutamo na mimi tumemtengenezea kitanda cha mkwaju. Kirefu, maana naona kwetu watoto wanarefuka. Teutamo alipima kwa kulala mwenyewe, akakivunja, tukaanza upya. Tahesi amefuma kanzu mbili. Anauliza mabega yake ni mapana kiasi gani, nami nimejibu kwa kubahatisha.

Uliniuliza sababu ya kweli. Nimeogopa. Nilimwogopa mtoto wa miaka kumi na sita. Kalelewa na Baba, nikasema, atashuka melini atanitazama kwa macho ya Baba, humu ndani mwangu, kila siku, mezani. Nilikwisha kuzoea kudharauliwa kwa mbali. Ndiyo hiyo. Ningekuambia tangu zabibu, ningekuwa nimekuokolea majira ya baridi mazima. Sasa nimesoma alivyosema, “lakini mjomba yu hai”, na nimeona aibu ya kweli, si ile ya Rafia.

Mpe jibu lake. Mwambie hasemi neno. Akae kimya kabisa, mkuki unamsemea. Wao ndio watakaouliza, na yeye ajibu kwa adabu. Watampa maji.

Na Baba, kama ataruhusu, mwambie nimefurahi yuko nyuma ya mtoto.

Kaka yako, Derdas

*

Kwa Derdas, Filoteri
Kutoka kwa Lanike
Mwezi wa Gorpiayo, joto linaisha

Kaka Derdas,

Natumaini Fila amepona surua. Simike alikufa. Mbuzi wapo.

Barua yako ilifika tukiwa matangani. Niliisoma yote, nikaenda kulisha mbuzi, nikarudi nikaisoma tena. Kitanda, kanzu, karani mpole. Umesema karani alikuwa mpole.

Adimos amekufa, Derdas. Ulipokuwa unapima kitanda alikuwa ameshakufa. Baba amerudi, alitembea kutoka Thesalia na mguu ule, na mambo haya nimeyapata kwake kidogo kidogo, kwa sababu husema maneno machache kisha huenda uani.

Ilikuwa kwenye vile vilima wanavyoviita Vichwa vya Mbwa. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Nusu ya jeshi letu, upande wa kulia, waliteremka na mikuki chini na wakawasukuma Warumi kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto, wa watoto, walikuwa bado wanapanda. Hawajapanga safu. Mkuki mrefu bila safu ni mti tu. Wakafika mgongoni mwa kilima wakakuta Warumi wanawajia na ndovu mbele, na kwa nyuma, Warumi wengine waliokuwa upande wa pili nao wamegeuka kuwazunguka. Baba anasema alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona imekwisha.

Na hapo Baba yetu, Derdas, Baba aliyeshona hatamu miaka ishirini, alipiga kelele kwa nguvu zake zote: “Inueni! Inueni, watoto wangu, inueni!”

Wakainua. Anasema mikuki ilisimama wima mlima mzima, na kukawa kimya. Wale Warumi wa mbele walisimama, wakatazama juu. Hawakuelewa. Watu wanasema mkubwa wao mmoja alizuia farasi akauliza, hii ni nini, wanafanya nini hawa? Labda aliyejua maana yake alikuwa anamjibu. Lakini waliokuwa pembeni hawakungoja jibu. Waliona watu wenye mikono yote miwili juu ya mti mrefu na vifua wazi, wakaingia na zile panga zao fupi. Kwao hakuna desturi hiyo, Derdas. Hawajawahi kusikia. Hakuna aliyewaambia, na sisi hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu duniani anahitaji kuambiwa.

Swali lake la neno, mwenyewe alilipatia jibu. Baba anasema Adimos hakunyamaza. Alikuwa anapiga kelele, “Beroia! Beroia!” Rafiki zake wakamfuata, wote, “Beroia! Beroia!” Hawakuushusha mkuki hata mmoja. Walikuwa wanamngoja mtu awaulize.

Baba mguu ulimwangusha, akafunikwa na wengine. Ndivyo alivyopona. Mwili hatukuupata. Hakuna aliyezika; wamelala vilimani juu ya ardhi, wote, na wasafiri wanasema ndege hawaondoki pale.

Nimejaribu kukuchukia, nikashindwa, kwa sababu wewe uliandika lakini mimi ndiye niliyesoma, jikoni, kwa sauti, na nikawapikia. Na Baba ndiye aliyepiga kelele. Nikitaka kumlaumu mmoja nawakuta watatu. Ila jambo moja nitalisema, nisipolisema litaniua: nilikuomba zabibu zikichumwa. Karani alikuwa mpole tangu wakati huo.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Baba nilimsikia anaisema peke yake uani, akanyamaza katikati.

Jana usiku alinijia jikoni. Akasema, “Mwandikie Derdas.” Nilidondosha sahani. Miaka ishirini, kaka, na jina lilitoka kinywani mwake kama alilitamka jana. Akasema: “Mwambie mtoto hakuifuata barua. Aliifuata sauti yangu. Mwambie niliinua mimi.” Sijui kama ni kweli au anakubebea mzigo. Kisha akaniuliza kama kule uliko kuna jibini.

Lanike

*

Kwa Lanike na kwa Baba, Beroia
Kutoka kwa Derdas, Filoteri
Mwezi wa Dio, tunapanda

Dada yangu. Baba yangu.

Fila mzima. Sina habari nyingine za nyumbani.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Tahesi amekata nywele zake, amezifunga ndani ya ile kanzu kubwa. Kitanda kiko palepale. Paka amezaa juu yake na hatukumfukuza.

Kila mwaka mwezi huu tunaitwa Arsinoe, tunapangwa, tunaonyesha mfalme kwamba bado tunaweza. Nilikwenda. Kamanda ni kijana, sauti nyembamba. Akaamuru, “Mikuki juu!” Wote wakainua. Wangu ukabaki mchangani.

“Wee Derdas, umelewa?”

“Sijalewa.”

“Basi inua!”

Baba, sikuweza. Si kwamba nilikataa. Nilitazama juu nikaona ncha zote zile, nikasikia sauti ya mtoto ambayo sijawahi kuisikia, mikono ikafa. Watu wakaanza kucheka. Kisha Teutamo, ambaye nilikuwa nimemwambia kila kitu, akatoka kwenye safu yake na ndevu zake ambazo sasa ni nyeupe, akaulaza mkuki wake chini kando ya wangu. Tumefukuzwa uwanjani wote wawili, naye hajaniibia maji tangu siku hiyo.

Lanike, ulilosema kuhusu zabibu ni kweli. Sina cha kuweka juu yake. Niliogopa macho ya mtoto, na sasa ningetoa shamba na nyumba yanitazame hata kwa dharau. Nilimfundisha adabu ya watu wanaojuana, nikampeleka nayo kwa watu wasiotujua. Baba, usinibebee. Mabega yako yamechoka, na huo mzigo ni wangu.

Nimemwambia karani kwamba bahari ikifunguka naondoka. Akasema nikiondoka ardhi inarudi kwa mfalme. Nikamwambia airudishe. Tahesi na Fila wanakuja nami. Tahesi anataka kumwona wifi aliyemchekesha, na anasema nyumba yenye mzee na mwanamke mmoja si nyumba.

Lakini sitafika Beroia kwanza. Nitawaacha wao pwani, nami nitapanda Thesalia, kwenye vile vilima. Ile kanzu nitakwenda nayo. Najua sitaitambua mifupa yake kati ya mingine. Nitaizika nitakayoweza. Baba, kama mguu utakubali, tukutane pale.

Nikifika nitasimama juu kabisa, pale walipoinua, na nitauliza kwa sauti kubwa, “Wa wapi wewe?” Yeye alishajibu. Nilikuwa sijauliza.

Derdas